Msaipresi wa Limau Ndani ya Nyumba: Utangulizi kwa Mlezi Mpya

Mwezi wa Desemba, kwenye vitalu vya kando ya barabara, wauza miche huuweka mstari wa mbele mti mmoja mdogo usiozidi urefu wa mkono. Umechongoka kama pia iliyopinduliwa, na rangi yake ni manjano iliyochanganyika na kijani, mfano wa limau linaloanza kuiva. Ukisimama kuutazama, muuzaji hufikicha ncha ya tawi kwa vidole viwili, kisha hukunyooshea mkono unuse. Harufu ni ya ganda la limau lililokwaruzwa sasa hivi. Baada ya hapo wengi wetu huwa hatuna swali jingine ila bei.

Mti hupelekwa nyumbani, ukawekwa sebuleni pembeni ya televisheni, ukamwagiwa kikombe cha maji kila asubuhi. Kufika mwisho wa Januari umekuwa wa kahawia, unapukutika ukiguswa, na mwenye nyumba anajilaumu kwamba hana mkono wa kupanda. Wa kwanza wangu niliupoteza hivyo hivyo, wakati tayari nilikuwa nafundisha elimu ya mimea. Jina lake la kisayansi nililijua, na familia yake niliijua, lakini sikuwa nimejiuliza unatoka wapi na mwili wake umejengwa vipi. Utangulizi huu unaanzia kwenye maswali hayo mawili. Ukiyashika, msomaji wangu, sehemu kubwa ya maelekezo yanayofuata utaweza kuyabuni mwenyewe.

Tuanze na jina, maana limewachanganya wengi. Mti huu hauna undugu wowote na mlimau, na hautazaa limau hata ukikaa nao miaka ishirini. Neno "limau" limetokana na rangi na harufu ya majani yake tu. Ni msaipresi, wa ukoo ule ule wa miti mirefu iliyopandwa kuzunguka mashamba na shule za nyanda za juu. Wasomaji wa Biblia wamewahi kukutana na ukoo huu kwa jina la mberoshi. Watu wa pwani, kwa upande wao, huniuliza kama ni aina ya mvinje, kwa kuwa mvinje nao una majani membamba na huvuma upepo ukipita. Hapana. Mvinje huchanua maua, ingawa ni madogo mno, na hilo linauweka mbali kabisa na msaipresi, kwa sababu msaipresi hauchanui maua maisha yake yote.

Hapa ndipo penye istilahi yetu ya kwanza. Mimea isiyochanua maua bali hubeba mbegu zake ndani ya koni, yaani kibonge kigumu cha magamba yaliyopangana, tunaiita mikoni. Msindano ni mkoni, na msaipresi ni mkoni. Mtarakwa wetu wa milimani, ule unaotoa nguzo za ua zisizoliwa na mchwa, ni mkoni pia, tena ni wa familia moja na msaipresi. Familia, kwa lugha ya wataalamu, ni kundi la mimea yenye asili moja. Ndani yake mna makundi madogo yaitwayo jenasi, na ndani ya jenasi mna spishi, ambayo ndiyo aina yenyewe. Spishi yetu ni Hesperocyparis macrocarpa. Kwenye vibandiko vingi bado utasoma Cupressus macrocarpa, na usidhani umeuziwa kitu kingine: mwaka 2009 wataalamu waliitenganisha misaipresi ya Marekani na ile ya Ulaya na Asia, wakaipa jenasi mpya ambayo jina lake lina maana ya msaipresi wa magharibi. Macrocarpa ni Kigiriki, yaani "wenye tunda kubwa", kwa sababu ya koni zake zinazofikia sentimita tatu na zaidi.

Lakini msaipresi huo wa asili ni wa kijani kilichokoza na hukua ukawa mti mkubwa wa mbao. Huu wa rangi ya limau ni kultivari. Kultivari ni mmea uliochaguliwa na binadamu kwa sifa fulani, ukaendelezwa kwa namna isiyoipoteza sifa hiyo. Unaopatikana kwa wingi unaitwa 'Goldcrest', na uliendelezwa kwenye kitalu cha Treseder mjini Truro, katika jimbo la Cornwall, Uingereza, karibu mwaka 1948. Ukiuotesha kwa mbegu, watoto hawatafanana na mzazi. Kwa hiyo huzidishwa kwa vipandikizi, vijiti vidogo vinavyokatwa na kuoteshwa mizizi. Maana yake ni kwamba 'Goldcrest' uliyonayo dirishani ni kipande cha kipande cha mti mmoja wa Cornwall, umri wake wa kweli unakaribia miaka themanini, na ndugu zake wote duniani ni mwili mmoja. Sijawahi kulieleza jambo hili darasani bila mwanafunzi mmoja kuomba nilirudie.

Sasa tuende kwao. Macrocarpa ni mwenyeji wa mahali padogo ajabu: rasi ya Monterey na kando yake, kwenye pwani ya California. Misitu yake ya asili imebaki miwili tu, mmoja Cypress Point na mwingine Point Lobos, kusini kidogo ya mji wa Carmel, na yote miwili imeng'ang'ania majabali yanayopigwa na mawimbi ya Pasifiki. Huko Pebble Beach kuna mmoja maarufu uliosimama peke yake juu ya jabali, unaokadiriwa kuwa na miaka 250, nao umefungwa nyaya ili usianguke. Mvua ya Monterey ni kidogo na hunyesha wakati wa baridi. Wakati wa kiangazi hainyeshi kabisa. Hata hivyo kiangazi hicho hakina joto, kwa sababu maji ya bahari ya pale ni ya baridi na huleta ukungu mzito unaoganda pwani asubuhi na jioni. Mwaka mzima kipimo cha joto huchezea kati ya nyuzi 7 na 20 hivi. Jua lipo, upepo haukatiki, hewa ni mbichi, na mizizi imejipenyeza kwenye nyufa za mwamba ambamo maji hayatuami hata saa moja.

Ukiwahi kupita Limuru alfajiri ya Julai, au Lushoto ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya kabichi, umeshaionja hali ya hewa inayofanana na hiyo. Ndiyo maana wakulima wa misitu wa Kenya walipoipanda macrocarpa mwanzoni mwa karne iliyopita iliitikia vizuri sana, hadi maradhi yalipoingia, tutayafikia. Na ndiyo maana sebule iliyofungwa madirisha, yenye friji linalopumua joto nyuma yake, ni mahali pagumu kwa mti huu. Kila ninapotaka kujua kama mahali panaufaa, hujiuliza panatofautiana kiasi gani na jabali lile: je, kuna jua, kuna ubaridi, hewa inatembea, maji yanapita bila kutuama?

Kabla ya kugusa chungu, naomba uvumilie nikueleze jinsi mwili wake ulivyojengwa, maana ndipo siri yote ilipo.

Mwarobaini ukiukata ukabaki kisiki, baada ya majuma machache utaona machipukizi yanatokeza kwenye gome kuukuu. Bogenvilia ukiipunguza hadi kwenye kigogo hurudi na nguvu mpya. Miti hiyo ina vichipukizi vilivyolala chini ya gome, kila kimoja kikingoja zamu. Msaipresi wetu hauna akiba hiyo kwenye matawi yake makuukuu. Ukuaji wake unafanyika kwenye ncha na kwenye sehemu ambazo bado zina majani mabichi, basi. Tawi likishakauka likawa la kahawia hadi kwenye kijiti, pale hapataota jani tena, hata ukilipatia maji ya zamzam. Upande mmoja wa mti ukikauka, upande huo utabaki na pengo.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulizoea, lakini ushahidi wake umeuona kila Krismasi. Tawi la msaipresi linakatwa, linasimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, linapambwa, na wiki mbili baadaye bado ni la kijani. Halina mizizi, ila hata majani hayajapata habari. Sababu ni kwamba majani haya ni membamba, magumu, yamefunikwa na nta, na hupoteza maji polepole sana. Msaipresi uliomo kwenye chungu hufanya vivyo hivyo. Mizizi ikifa leo, kwa kukauka au kwa kuoza, majani yatabaki na sura ya uzima kwa siku nyingi. Utakapoona rangi imebadilika, tukio lenyewe litakuwa limepita zamani. Ndiyo sababu wenye misaipresi iliyokufa huapa kwamba walikuwa wanainywesha vizuri, nao wanasema kweli kuhusu juma lililopita; kosa lilitokea mwanzoni mwa mwezi.

Yaunganishe hayo mawili. Mti unaochelewa kuonyesha ugonjwa, na ukishauonyesha hauwezi kuota upya sehemu iliyokufa, hauwezi kulelewa kwa kungoja dalili. Mmea wa mnanaa ukilegea unaumwagia maji, na jioni umesimama. Huu hautakupa nafasi hiyo. Kwa hiyo utaangalia vitu vinavyotangulia majani: uzito wa chungu, mwanga, joto, na upande wa chini wa vitawi.

Tuanze na mwanga, ambapo ndipo watu wetu hupotoshwa zaidi. Vitabu vingi vya mimea ya nyumbani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na karibu vyote vitakuambia uuweke mti huu kwenye dirisha linalotazama kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa mtu wa London, ambako jua la mchana daima huwa upande wa kusini. Kwa mtu wa Nairobi au Arusha, waliopo kusini kidogo ya ikweta, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini takriban kuanzia Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini hadi Machi tena. Tena linapita karibu na utosi, kiasi kwamba vibaraza na paa hulizuia lisiingie ndani. Dirisha letu zuri ni la mashariki. Mwaka mzima, jua la asubuhi huingia humo likiwa limelala, likafika ndani kabisa ya chumba, nalo si kali: kuanzia saa moja hadi saa nne au tano mti unakula mwanga bila kuungua. Dirisha la magharibi nalo hupata jua kama hilo, ila hulipata wakati chumba kimeshapata moto tangu mchana, na kwa mti wa ukungu hiyo ni taabu.

Uweke karibu na kioo, pasipozidi urefu wa mkono. Macho yetu hudanganya; chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha kusomea gazeti huwa ni kama machweo kwa mmea wa jua. Rangi yenyewe itakupa habari. Manjano ile hutokea kwa sababu ncha changa za 'Goldcrest' zina umbijani kidogo, umbijani (au klorofili) ikiwa ni chembechembe za kijani zinazonasa mwanga ili mmea utengeneze chakula chake, kazi tunayoiita usanisinuru. Mti ukipungukiwa mwanga, ncha hukoza zikawa kijani cha kawaida, na vitawi vya ndani huanza kukauka kwa kuwa havijilipi. Ukiona mti wako unazidi kuwa kijani, usifurahi kwamba umenawiri. Usogeze kwenye jua, hatua kwa hatua, kwa muda wa wiki mbili. Na kila baada ya siku chache uuzungushe robo ya mzunguko, kwa maana upande unaotazama ukuta hukauka, nawe sasa unajua kwamba hautaota tena.

Sasa maji. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mara ngapi kwa wiki?", na ninalazimika kulikataa, si kwa ukaidi. Chungu kile kile, kwenye dirisha lile lile, hukauka kwa siku tatu Februari na kwa siku nane Julai. Majani hutoa maji kwa njia ya mvuke kupitia vitundu vidogo sana, mchakato uitwao transpiresheni, na kasi yake hufuata jua, joto na upepo, haifuati kalenda.

Njia ninayoipenda ni ya mizani. Chungu changu cha upana wa sentimita 15, kikishanyweshwa hadi maji yakatoka chini na kukoma kudondoka, kina uzito wa kilo mbili na gramu mia moja kwenye mizani ya jikoni. Kikishuka hadi kilo moja na nusu hivi, nakinywesha tena. Nilifanya hivyo kwa mwezi mmoja tu. Baada ya hapo mikono ilikuwa imejifunza, na sasa hukinyanyua kidogo kila asubuhi ninapopita na chai yangu, nikajua. Ukinunua mti leo, unyweshe vizuri, subiri nusu saa, kisha unyanyue kwa mikono miwili na uukariri uzito huo. Kesho unyanyue tena. Kama huamini mikono yako, chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha kwanza: ukihisi ubichi acha, ukihisi pakavu nywesha. Usiache udongo ukauke hadi chini, na usiache chungu kikae kwenye kisahani chenye maji. Mizizi inahitaji hewa kama tunavyoihitaji sisi, na maji yakijaza nafasi zote za udongo, mizizi hukosa pumzi. Hapo ndipo viumbe wanaoozesha mizizi, hasa jamii iitwayo Phytophthora wanaoogelea ndani ya maji ya udongo, hupata karamu.

Nywesha taratibu, kwa wingi, halafu ngoja. Kikombe kimoja kila asubuhi hulowesha sentimita chache za juu na kuacha moyo wa udongo mkavu, kisha siku ukijisikia mkarimu ukamwaga jagi, maji hupita pembeni. Pembeni hapo pana mtego. Udongo mwekundu wa vitalu ukikauka sana hujivuta, ukaachana na kuta za chungu; na ule udongo mwepesi wa kahawia uitwao piti, unaotumiwa kwenye miche kutoka nje, ukishakauka huyakataa maji kama kitambaa kilichopakwa mafuta. Utamwaga maji, yatatoka chini papo hapo, utaridhika, na mizizi haijapata tone. Ukiona hivyo, kitumbukize chungu chote kwenye beseni hadi usawa wa udongo, uache mapovu yatoke mpaka yakome, kisha kitoe kichuruzike.

Kuhusu hewa sina mengi. Mti upate dirisha linalofunguliwa, uwe mbali na jiko, friji na kila kinachotoa joto, na usiku uupe ubaridi. Kuunyunyizia maji majanini hakudhuru, ila hakuchukui nafasi ya hewa inayotembea. Walio London au Toronto, ambako nyumba hupashwa joto wakati wa baridi, wauhifadhi kwenye chumba kisicho na kipasha joto au kwenye ngazi zenye dirisha. Na wewe wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, nitakwambia ukweli: hali ya hewa ya kwenu haiufai. Joto la nyuzi 30 na zaidi mchana, usiku usiopoa, na kiyoyozi kinachokausha hewa, huumaliza polepole. Panda mrehani kwenye dirisha lako. Nao unanukia, tena utakushukuru.

Chungu kiwe na matundu, kizidi kidogo tu ukubwa wa mizizi. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mto ulio na chembe kubwa. Hamisha kila baada ya miaka miwili, mwanzoni mwa mvua, na usiipasue wala kuichana mizizi. Ihamishe na udongo wake. Mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati mti unakua, inatosha. Mti uliotoka dukani usiupe mbolea mwezi wa kwanza, na mti mgonjwa usiupe kabisa.

Kupogoa, yaani kupunguza matawi ili kulinda umbo, kunafuata kanuni ile ile ya mwili: kata ndani ya sehemu yenye majani mabichi, usifike kwenye kijiti cha kahawia. Mimi hutumia vidole, nikinyofoa ncha moja moja, na mkono hunukia hadi jioni. Harufu hiyo ni mafuta mepesi ya jamii ya terpeni yaliyohifadhiwa ndani ya majani; ukilivunja jani yanaachiliwa hewani. Watu wengine huwashwa na utomvu wake, kwa hiyo nawa mikono. Na kama una ng'ombe nyumbani, tafadhali usimtupie vipogozo hivyo. Majani ya macrocarpa yana asidi iitwayo isokupresiki, ambayo imethibitishwa kuharibu mimba za ng'ombe, na wafugaji wa New Zealand wanalijua hilo kwa uchungu. Yachimbie shimo.

Tumefika kwenye wadudu na maradhi. Mdogo kabisa wao, utitiri mwekundu, ndiye atakayekusumbua ndani ya nyumba, kwa sababu hupenda hewa kavu na moto. Hutamwona kwa urahisi kwa macho. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu, kisha tazama kama kuna vumbi linalotembea. Likitembea, peleka mti bafuni uuoshe kwa maji ya mfereji, hasa upande wa chini wa vitawi, na urudie kila baada ya siku tatu nne kwa wiki mbili.

Mwingine ana historia inayotuhusu. Kidukari wa msaipresi, mdudu laini wa kahawia anayefyonza utomvu akiwa amejipanga kwenye vijiti, alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa ameingia Kenya. Alikausha misaipresi ya mashamba makubwa na ya nyua za watu, akauvamia hata mtarakwa, na kule Malawi akaigusa miti ya mlima Mulanje ambayo haipatikani kwingine kokote. Mwaka 1994 watafiti walimwachilia huko Malawi nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari, na buu akitoka humla kwa ndani. Njia hii ya kumtafutia mdudu adui wake wa asili tunaiita udhibiti wa kibiolojia. Kwenye mti wako wa dirishani hutahitaji nyigu. Ukiona sisimizi au chungu weusi wanapanda na kushuka kwenye shina, au majani yananata na kushika masizi, tafuta vidukari ndani ya tawi, uwafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni.

Maradhi niliyoyataja mwanzo ni saratani ya gome, inayoletwa na kuvu wa jamii ya Seiridium. Kuvu huingia kwenye jeraha, gome likadidimia na kutoa utomvu, na tawi zima likakauka kuanzia hapo hadi nchani. Macrocarpa haina kinga nayo. Ndiyo iliyowafanya wakulima wa misitu wa Kenya, katikati ya karne ya 20, waiache na kupanda spishi nyingine, Hesperocyparis lusitanica (zamani Cupressus lusitanica) ya Meksiko, ambayo ndiyo msaipresi unaouona mashambani leo. Ukipata tawi lenye jeraha la namna hiyo, likate chini ya jeraha, safisha mkasi kwa spiriti, na tawi ulichome. Dawa haipo.

Sasa tuseme umesoma haya ukiwa umechelewa, mti uko mbele yako na ncha zimeanza kuwa za kahawia. Usikimbilie maji wala mbolea. Chukua ukucha, ukwaruze gome la shina kidogo sana, chini karibu na udongo. Ukikuta utando wa kijani na ubichi, mti unaishi, na kazi yako ni kujua kama udongo umelowa mno au umekauka, kisha kurekebisha hilo moja na kungoja. Ukikuta kahawia na ukavu, panda juu kidogo ukwaruze tena, halafu tena. Ikiwa ni kahawia hadi juu, mti umekufa tangu wiki kadhaa zilizopita. Utoe kwenye chungu uitazame mizizi, maana humo ndimo utakapojua ni lipi lililouua: mizizi iliyokauka huvunjika kama njiti za kiberiti, na iliyooza ni myeusi, laini, nayo hubambuka gamba ukiivuta, ukabaki na uzi mwembamba mkononi.

Na kama wako bado una rangi ya limau na unanukia, unyanyue sasa hivi. Ukiwa mwepesi, unyweshe. Ukiwa mzito, uurudishe kwenye dirisha la mashariki, na kesho asubuhi uunyanyue tena.